Barua ya wazi kwa wanaochagua vitabu vya watoto: Mpeni panya buku kazi ya upelelezi

Waheshimiwa mnaotoa ithibati ya vitabu vya hadithi, mnaokaa kwenye kamati za tuzo, mnaohariri na kuchapisha, na ninyi wakutubi mnaoamua kipi kipande rafuni na kipi kibaki kwenye boksi: shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Morogoro. Mezani nina mswada uliorudishwa mara mbili, lakini sikuja kuulilia mswada. Nimekuja kumwombea kazi mnyama mmoja. Nyuma yake kuna foleni ya wanyama wengine, na nyuma yao kuna watoto 84 wanaotaka hadithi za upelelezi na mwalimu wao hana cha kuwapa. Kabati letu lina sungura mjanja, simba mwenye hasira, kuku mvivu. Kachero mwenye mkia sina hata mmoja.

Nianze na siku ile.

Ilikuwa Ijumaa, kipindi cha mwisho, saa ambayo akili za watoto zimeshatoka getini na zinaisubiri miili. Nikaamua kuwasomea kitu nilichokiandika usiku kwa tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika. Kijijini, Bibi ameanika dagaa kwenye mkeka. Asubuhi mkeka mtupu. Paka anakuja mbio, masharubu yanang'aa, kutoa taarifa kwa mkuu wa upelelezi, panya buku mzee mwenye macho mabovu na pua isiyokosea. (Sikuwa nimempa jina. Kabla sijamaliza aya ya pili watoto walishampa: Afande Buku.) Paka anaapa kwamba usiku wa manane alisikia mbawa zikipigapiga, akachungulia, akamwona Kunguru anaruka na dagaa mdomoni. Jirani naye anaongeza kwamba jioni Fisi alionekana akipitapita. Hapo nikafunga daftari. Haya, nani mwizi?

"Fisiii!" Darasa zima, sauti moja. Fisi kwenye hadithi zetu anazaliwa akiwa ameshahukumiwa.

Nikawaambia sawa, nipeni sababu. Hawakuwa nayo, zaidi ya kwamba ni fisi. Wakahamia kwa Kunguru, ambaye hapa mjini hana nyumba ambayo hajaiba sabuni. Kelele zikapanda. Kisha binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "nipo", akasimama bila kunyoosha kidole. Akasema: "Mwalimu, kunguru usiku analala. Paka muongo."

Waheshimiwa, natamani mngekuwepo. Kwanza kimya, kile kimya cha watu wanaopiga hesabu kichwani. Halafu wakaanza kurudi nyuma kwenye hadithi wenyewe, bila mimi kuwaomba. Ndiyo maana Paka ndiye aliyewahi kutoa taarifa! Ndiyo maana masharubu yalikuwa yanang'aa! Masharubu hayo niliyataja mara moja tu, harakaharaka, nikidhani hakuna aliyesikia. Nimefundisha ufahamu miaka mingi kwa maswali ya "nani alikwenda wapi" na sijawahi kuona mtoto akirudi kwenye sentensi ya tatu kwa hiari yake.

Haikuishia hapo. Kijana mmoja akapinga. Kwao ni karibu na stendi ya Msamvu, akasema, na kunguru wa pale wanapiga kelele hata usiku kwa sababu ya taa. Mwanasheria kabisa. Nikakubali kosa langu mbele ya darasa, na nyumbani nikaongeza sentensi moja: kijijini kwa Bibi umeme haujafika. Nani kati yenu wahariri angeliona hilo?

Mswada nikaupeleka ofisi moja, ambayo siitaji na haina haja kutajwa. Ukarudi na maoni matatu. La kwanza: panya ni mnyama mchafu anayeeneza magonjwa, hafai kuwa shujaa mbele ya watoto, awekwe Simba, ambaye ni mfalme. La pili: mwisho hauna adhabu wala funzo, iongezwe aya inayoanza na "Hadithi hii inatufundisha". La tatu: mtoto atachanganyikiwa kwa kutoambiwa mapema mwizi ni nani. Hilo la tatu nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yoyote ya maisha yangu. Ni sawa na kumrudishia mpishi pilau kwa sababu umekuta viungo ndani.

Niyajibu, lakini kwa mpangilio wangu.

Panya kwanza, kwa sababu hapo mmenigusa kwetu. Hapa Morogoro, kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wanafundishwa upelelezi tangu mwaka 2000. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Wabelgiji, liliwaza jambo ambalo mkulima yeyote aliyewahi kuzika karanga zake angeweza kuwaambia: pua ya mnyama huyu haidanganyiki. Wanaamshwa alfajiri kabla ya jua kali, kwa sababu ni wanyama wa usiku, na wengine hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni. Wanatembea kwenye kamba juu ya udongo wakinusa baruti iliyofukiwa. Akiipata, anakwaruza ardhi, mlio unasikika, anapewa ndizi. Uzito wake ni kilo moja na kidogo, kwa hiyo bomu la ardhini halilipuki akilikanyaga.

Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapahapa mwaka 2013, akapelekwa Kambodia. Septemba 2020 shirika la Uingereza la PDSA likamvisha nishani ya dhahabu ya ushujaa, akiwa panya wa kwanza kuipata. Hadi anastaafu mwaka uliofuata alikuwa ameshafichua mabomu ya ardhini 71 na vilipuzi vingine 38. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi alilimaliza kwa dakika 20, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuifanya kwa siku hadi nne. Alistaafu 2021, akafa Januari 2022. Mwenzake Ronin, naye mzaliwa wa Tanzania, ameshampita, kwa kufichua mabomu 109. Huyu ndiye mnyama mliyeniambia nimwondoe nimweke Simba. Simba analala masaa mengi kupita kiasi kuwa mpelelezi, na mnajua hivyo.

Na kuhusu magonjwa: ni kweli kabisa, panya wa nyumbani anaeneza. Lakini panya buku hawa wananusa kifua kikuu. Makohozi ambayo kliniki imeyapima na kusema hayana kitu yanapelekwa kwao, yakiwa yameshachemshwa ili vijidudu vife, na panya anapita juu ya matundu moja baada ya jingine. Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika 20 hivi. Anaposimama na kuganda juu ya tundu, ile sampuli inarudi maabara, ithibitishwe.

Naomba mlitazame neno hilo, ithibitishwe. Hakuna mgonjwa anayeandikiwa dawa kwa sababu tu panya kasimama. Panya anashuku, maabara inathibitisha, na kati ya hayo mawili kuna mtu anayesubiri. Sijui kama kuna kitu kigumu zaidi kumweleza mtoto wa miaka tisa kuliko tofauti kati ya kushuku na kuthibitisha, na panya ananifanyia kazi hiyo bure. Wanafunzi wangu wameshasikia mtaani kelele za "mwizi! mwizi!", na wengine wameona kilichofuata. Hadithi ya dagaa haiwezi kuuzuia umati. Lakini darasa lililopiga kelele "Fisi!" lilimwachia Fisi huru ndani ya dakika nne, na hakuna mtu mzima aliyewaambia wafanye hivyo.

Siku hizi kuna mafunzo mengine: panya hao hao kunusa magamba ya kakakuona, meno ya tembo, pembe za faru na hata mpingo. Wanavishwa vizibao vidogo vyekundu vyenye kidude kifuani; wakipata harufu wanakivuta kwa mikono yao, kinalia. Wameshajaribiwa bandarini Dar es Salaam. Panya mwenye kizibao chekundu, anapita kati ya makontena usiku, anatafuta magendo. Waandishi wa nchi nyingine wanakaa kubuni vitu kama hivi, wakimvisha mbweha kofia na koti la baridi. Sisi tumeletewa mezani na tunaandika tena hadithi ya kuku mvivu.

Sasa funzo. Najua litakuwa zito, kwa sababu wengi wenu mnaamini kwa moyo safi kwamba hadithi ya mtoto isiyo na funzo ni ugali usio na mboga, na mtaniambia ndivyo bibi zetu walivyotulea. Mimi bibi yangu namkumbuka vizuri. Alisema "Hadithi, hadithi!" nasi tukaitika: "Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!" Tuliita uongo, tukaita utamu. Funzo hatukuliita hata siku moja. Lilikuja kimyakimya bila mwaliko, kama wageni wa kweli wanavyokuja. Na alipomaliza hakusema "hadithi hii inatufundisha". Alisema mkalale.

Halafu tukiwa tunamzungumzia bibi, tuzungumzie kisima. Wote mnaijua. Kiangazi kikali, wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba, kisha kila usiku anakuja kunywa na kuyavuruga maji. Wanaweka mlinzi, Sungura anamlaghai. Wanaweka mwingine, analaghaiwa. Mwisho Kobe anajipaka ulimbo mgongoni, anazama kisimani, anatulia kama jiwe. Sungura anakuja, anakanyaga jiwe, ananasa.

Tazameni vizuri alichofanya Kobe. Hakutumia nguvu, wala hakumkimbiza mtu, maana hawezi. Alikaa akafikiri mwizi atapita wapi, ataweka mguu wapi, kwa muda gani, akaandaa mtego unaomnasa mwenye hatia peke yake. Huo ni upelelezi, jamani. Mpelelezi wetu wa kwanza alikuwa na gamba mgongoni, na tumemsahau kwa sababu hadithi inasimuliwa kuanzia kwa Sungura. Tunajua mwizi kabla kisima hakijaharibika.

Nikajaribu kuipindua. Nikaanza asubuhi: wanyama wanafika kisimani, maji ni tope. Sikumtaja Sungura kama mwizi. Nilimweka tu kati ya wengine, tena akiwa wa kwanza kusikitika. Nikataja alama za miguu kwenye udongo laini: miwili midogo, miwili mirefu. Basi. Watoto hawa wamesikia hadithi ya kisima tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao, na bado robo tatu ya darasa walimkamata Tembo, wakisema tope nyingi lazima mtu mzito. Ni hadithi ileile. Kilichobadilika ni kipi kinatangulia na kipi kinafichwa. Kwa hiyo mnapouliza kama aina hii ya hadithi ni yetu, naomba mkumbuke pia kwamba kila mtoto wetu anakua akitegewa vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Akikosa, anatoa mji. Na kila mtoto anajua sheria bila kufundishwa: jibu lazima liwe kitu ambacho ungeweza kukipata. Ukitega kitendawili ambacho jibu lake ni siri yako mwenyewe, watakuzomea na mji hupati. Hadithi ya upelelezi ina sheria hiyohiyo moja. Ni kitendawili chenye miguu mirefu.

Watu wazima wa lugha hii hatukunyimwa starehe hiyo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa, na Bwana Msa alipataje kuzaliwa? Kwa shindano. Mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ukatoka kitabu mwaka 1960, na Bwana Msa na kiko chake wakaendelea kurudi kitabu baada ya kitabu. (Kiko hicho wengi wamekiona ni cha kuazima kutoka kwa mpelelezi wa London, Sherlock Holmes, na hakuna ubaya, mwandishi akakijaza tumbaku ya kwetu.) Kamati moja ilikaa, ikasoma, ikaamua, na Kiswahili kikapata mpelelezi. Ninyi ni kamati kama hiyo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imeshafungua mlango kwa hadithi za watoto. Ninachoomba ni kwamba msimu mmoja, mmoja tu, mtangaze wazi kwamba mnatafuta hadithi za kesi, za fumbo, zenye wanyama, na muwaandikie majaji kwenye mwongozo wao kwamba kukosekana kwa aya ya funzo hakumpunguzii mwandishi alama.

Kuhusu mnyama mwenyewe nina neno. Ukishakubali kachero awe mnyama, usimfanye mtu aliyevaa ngozi. Raha yote iko kwenye kile anachoweza yeye na sisi hatuwezi. Tumbili wa Amboseli, kule Kenya, wana kilio kimoja kwa chui, kingine kwa tai, kingine kwa nyoka. Watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney waliwarekodi, wakawapigia sauti hizo kwenye spika, na mwaka 1980 wakatoa matokeo: kilio cha chui kinawapandisha mtini, cha tai kinawafanya watazame juu, cha nyoka kinawasimamisha kwa miguu miwili wakikagua majani. Mnaliona fumbo hapo? Shahidi anasema alimwona Chui. Lakini mtoto wa tumbili anakumbuka kwamba siku ile mama yake alisimama akatazama chini. Kesi imekwisha, na mtoto wa darasa la tatu ameimaliza peke yake.

Au huyu ndege anayewaongoza Wahadzabe kwenye asali kule ziwa Eyasi. Anaita, anaruka mbele, anasubiri, anaita tena, mpaka mzinga. Malipo yake ni nta. Na wakati mwingine Wahadzabe humnyima makusudi, wakificha masega, ili njaa imfanye aendelee kuongoza. Mtoa taarifa ambaye hajalipwa! Kuna mwandishi asiyeweza kupata kitabu hapo? Bundi je, ambaye watoto wanamwogopa kwa uchuro: hula panya, kisha hutapika kidonge cha manyoya na mifupa. Ndani ya kidonge kuna fuvu zima la marehemu. Nilipowaambia darasani walisema "eee!" kwa kinyaa, wakaomba niwaambie tena. Tangu siku hiyo bundi ameshuka cheo kutoka mchawi hadi shahidi.

Wachapishaji, ninyi nina machache, na ni ya kifundi. Kwenye hadithi hizi picha ni kielelezo cha mahakama. Nyayo za duma zina alama za kucha, za chui hazina, kwa sababu chui huzirudisha kucha ndani anapotembea na duma hawezi kuzirudisha zote. Mchoraji akiwawekea wote kucha, au akiwanyima wote, mmeua kitabu, na mwandishi hata hajui. Mlipeni mchoraji, mpeni muda, mpeni mswada wote ausome badala ya kumtumia "ukurasa wa 7: chui anakimbia". Msiweke dokezo kwenye rangi: vitabu vinafika shuleni vimechapwa nyeusi na nyeupe, na tunavirudufu kwenye mashine ya stationery inayotoa mistari. Jibu likae upande wa pili wa karatasi; ukiliweka ukurasa unaotazamana na swali, macho ya mtoto yataiba kabla yake. Msichapishe "Msamiati mpya: mnafiki, kusingizia" mwanzoni. Na kwa jina la Mungu, mwizi asiwe kwenye jalada. Nimeliona hilo. Mwizi jaladani, anatabasamu, mfuko begani.

Hapo pia niondoe hofu ya maneno magumu, maana mswada wangu ulipigiwa mstari mwekundu chini ya "mshukiwa", "ushahidi" na "dokezo", kwamba si ya ngazi ya darasa la tatu. Watoto hujifunza neno wanapolihitaji. Siku hizi daftari la mahudhurio likipotea naulizwa: "Mwalimu, washukiwa ni wangapi?" Neno ambalo halijawaingia mpaka leo ni "maadili", na lipo kwenye kila kitabu tulichonacho.

Jambo la mwisho kwenu wa ithibati: tufikirieni mfululizo. Mtoto akishampenda kachero hataki kitabu kingine, anataka kesi nyingine. Kila Ijumaa naulizwa Afande Buku yuko wapi, amepandishwa cheo, ana watoto, anaogopa nini. (Anaogopa vitunguu, tumekubaliana.) Kitabu kimoja kimoja kisicho na ndugu kinasomwa na kurudishwa. Sita vyenye panya yuleyule vitachanika kwa kushikwa, na sidhani kama kuna lawama nzuri zaidi kwa mchapishaji.

Niongeze kidogo kwa yule aliyehofia mtoto kuchanganyikiwa, kama anaisoma barua hii. Ndugu yangu, hadithi inayohesabiwa na wengi kuwa ya kwanza ya upelelezi wa kisasa, ya Mmarekani Edgar Allan Poe, ilitoka mwaka 1841. Na mnyama alikuwamo tangu siku hiyo ya kwanza: ndiye aliyekuwa muuaji, sokwe wa Asia aliyetoroka kwa mwenyewe. Samahani kwa ambaye alikuwa hajaisoma. Umeona inavyouma kuambiwa mapema?

Mswada nitauleta tena mwezi ujao, kwa mkono, nitapanda basi la asubuhi. Nimebadilisha mawili: umeme wa kijijini, kama nilivyosema, na jina la mpelelezi, ambalo sasa lipo kwenye kichwa cha habari. Panya nimemwacha panya. Ukurasa wa mwisho nao nimeuacha vilevile. Afande Buku amekaa kwenye mkeka mtupu, pua inacheza, anamuuliza Paka swali moja: kunguru uliyemwona usiku wa manane, alikuwa ameamshwa na nani? Paka anafungua mdomo. Kengele inalia.

Wenu,
Mwalimu wa darasa la tatu,
Morogoro